MWANA WA AMRI



Mtakatifu Luka atusimulia kwamba Yezu, alipokuwa na miaka 12, alipanda kwenda Yeruzalemu pamoja na wazazi wake kwa sikukuu ya Pasaka. Baada ya siku tatu za kumtafuta, walimkuta hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Yezu ni Mungu kweli, tena ni mtu kweli, naye alikua katika hekima. Alikulia wapi? Nyumbani mwa Maria na Yosefu. Maana Torati iliwaamuru wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu waketipo nyumbani na watembeapo njiani, walalapo na waamkapo.

Wayahudi wangali wanaishika amri hiyo. Kijana wao akitimiza miaka 13 huitwa bar mitzvah, maana yake mwana wa amri. Msichana, kwa desturi ya zamani akitimiza miaka 12, huitwa bat mitzvah, binti wa amri. Sherehe yenyewe, kama ilivyo leo, haikuwako siku za Yezu. Ilianza karne nyingi baadaye. Lakini mzizi wake ni ule ule. Tangu siku hiyo kijana atajibu mwenyewe mbele ya Mungu kwa matendo yake. Ndiyo sababu baba yake, kwa desturi, humshukuru Mungu mbele ya watu kwa kuwa ametuliwa mzigo wa kujibu kwa makosa ya mwanawe. Ni neno zito!

Basi, kijana hutayarishwaje? Ataitwa sinagogini kusoma Torati mbele ya wote. Kitabu hicho ni ngozi ndefu iliyokunjwa kama mkeka, imeandikwa kwa mkono kwa Kiebrania, wala alama za kuonyesha sauti za a, e, i, o, u hazimo. Fikirini: mtu akiandika bb tu, mtasoma baba, au babu, au bibi? Asiyejifunza atamwita bibi babu. Tena husomwa kwa wimbo wake, na msomaji hufuata maneno kwa kijiti, asiiguse ngozi kwa kidole. Kwa hiyo kijana huanza kujifunza miezi mingi kabla. Wengi hutakiwa pia kueleza kwa maneno yao wenyewe maana ya walichosoma, na kutenda tendo la huruma kwa maskini.

Msidhani kwamba mambo haya yako mbali nasi. Karibu na Mbale, nchini Uganda, jemadari Semei Kakungulu aliisoma Biblia, na mwaka 1919 akaamua kuishika Torati pamoja na wafuasi wake. Wazao wao huitwa Abayudaya. Katika miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin iliwakataza dini yao. Wengi waliiacha, wachache walisali kwa siri, wakawafundisha watoto. Amin aliondolewa mwaka 1979, na leo vijana wa kilima cha Nabugoye husoma Torati katika sinagogi yao. Ni nini kilichoiokoa imani ile? Si karamu. Ni mafundisho ya sirini.

Sikieni na jambo hili: kwa sheria ya Wayahudi, kijana mwenye miaka 13 amekwisha kuwa mwana wa amri, hata pasipo sherehe yoyote. Karamu haimwongezei kitu.

Nasi je? Sakramenti zetu si desturi tu: Ubatizo na Kipaimara hutia neema kweli. Lakini mbegu njema yataka shamba lililolimwa. Yuko mzazi atakayekopa fedha kwa nguo nyeupe, viatu na pombe, naye hajaketi na mwanawe hata jioni moja na kumwuliza: Tukisema utusamehe makosa yetu, maana yake nini? Yuko mtoto ajibuye katekisimu kama kasuku, na baada ya siku yake hatumwoni tena kanisani. Yuko na mwingine aliyecheleweshwa kwa sababu jamaa yake hawana fedha ya karamu. Hiyo ni aibu yetu sote. Mungu haulizi viatu.

Mvuvi wa ndagala hangoji usiku wa tufani ndipo ampe mwanawe kasia kwa mara ya kwanza. Humzoeza ziwa likiwa limetulia. Siku itakuja ambapo mwanao atajaribiwa mbali nawe, naye atajibu peke yake. Umempa kasia?

Labda utasema: Mimi mwenyewe ni mkatekumeni, nitafundishaje? Fundisha lile ulilolisikia juma hili. Jioni, chakula kikiisha, liseme neno moja tu, mwulize mtoto maana yake, kisha mwende pamoja kumtekea maji mjane wa jirani. Mkifanya hivyo kila juma, siku ya sakramenti itamkuta mtoto yu tayari, hata kama hakuna karamu.

Mama Maria, aliyemlea Yezu huko Nazareti, awaombee wazazi na watoto wetu. Tumsifu Yezu Kristu.