Undugu unatoka wapi? Mfano wa Katherine na Jill

Undugu unatoka wapi? Katika damu, ao katika kuishi pamoja? Wazee wetu walijiuliza neno hili zamani, mbele televizyo haijafika. Leo tunachukua mfano mahali ambapo wasomi wengi wanapadharau: ile filimu ya vipindi ya Marekani inayoitwa kwa Kifaransa Les Feux de l'amour. Wengine watasema: « Ile ni mambo ya wamama tu! » Basi, tuwasikilize wamama.

Filimu hiyo ilianza mwaka 1973. Mwaka ule ule akaingia Katherine Chancellor, mke wa tajiri, mwenye kiburi na mwenye kupenda pombe. Jeanne Cooper ndiye aliyemwigiza mpaka yeye mwenyewe alipofariki mwaka 2013. Ni karibu miaka 40, mwanamke mmoja akizeeka mbele ya macho ya watazamaji.

Katherine alimwajiri msichana masikini, Jill Foster, akae naye nyumbani. Jill akapendana na Phillip, bwana ya Katherine, akapata mimba yake. Katika vipindi vya 1975, Katherine aliendesha motokari na Phillip ndani, ikaporomoka. Phillip akafunga ndoa na Jill kitandani, kisha akakata roho. Mmoja alinyang'anywa bwana, mwingine akafiwa naye. Nani ana haki? Kila mmoja anadai, na kila mmoja anadaiwa.

Ugomvi ule ulidumu miaka na miaka. Kuna wakati walikaa chini ya paa moja, kila mmoja akisema nyumba ni yake. Mwaka 2003 hadithi ikageuka: kumbe Jill ni binti ya Katherine! Wakajifunza kuitana mama na mtoto. Halafu, mwaka 2009, ikaonekana kwamba sivyo. Damu yao si moja.

Hapo ndipo swali letu linapokaa. Kama undugu ni damu tu, siku ile wangepaswa kuachana kama watu wasiojuana. Haikuwa hivyo. Waliendelea kugombana, kutaniana na kuhangaikiana kama watu wa jamaa moja.

Tunajua jibu la wengine: waandishi wa filimu wanarefusha ugomvi juu ya kupata watazamaji. Ni kweli. Lakini watazamaji wasingekubali hadithi kama wasingeiona pia nyumbani kwao. Na desturi zetu zinakubali neno hilo. Wazee walichanjana, kila mmoja akionja damu ya mwenzake, na watu wa koo mbili wakawa ndugu. Damu ile haikutoka tumboni mwa mama mmoja. Ilitoka katika ahadi. Methali nayo inasema: undugu ni kufaana, si kufanana.

Hatusemi kwamba damu ni bure. Mtoto ana haki ya kujua alikotoka. Wala hatusemi kwamba kukaa pamoja kunafuta makosa. Katherine na Jill hawakusahau kitu. Tunasema tu kwamba anayekubali kubeba deni la mwenzake miaka mingi, bila kumkimbia, amekwisha kuwa ndugu, hata kama mdomo wake unakataa.

Neno hili si la televizyo tu. Katika jamaa zetu, matanga yakiisha, mara nyingi inasikika sauti: « Huyu si wa damu yetu, atoke ndani ya nyumba. » Anafukuzwa mjane, ao mtoto aliyelelewa pale tangu utoto. Mbele ya kutamka hivyo, wakubwa wa jamaa wangejiuliza kwanza: nani aliyelala hospitalini pembeni ya marehemu? Nani aliyegombana naye asubuhi na kumpikia magaribi? Wakipata jibu, wasimtafute ndugu ya marehemu mahali pengine.