Damu Iliyomwagwa Otrar

Ndugu zetu Waislamu, zitajwapo khabari za Wamongoli, sisi hukumbuka Baghdad tu: jinsi Hulagu alivyouingia mji ule mwaka 1258, akamuua Khalifa Al-Musta'sim pamoja na watu wasiohisabika. Ni haki kuulilia msiba huo. Lakini tarikhi haikuanzia hapo.

Miaka 40 kabla yake, mwaka 1218, Genghis Khan, babu yake Hulagu, alipeleka msafara wa biashara katika nchi ya Sultani Muhammad wa Khwarazm, Mwislamu aliyetawala Bukhara na Samarkand. Mwanatarikhi Juwayni asema wafanyi biashara hao walikuwa 450, nao ni Waislamu. Walipofika Otrar, mji wa mpakani karibu na mto Syr Darya, liwali aliwatuhumu ujasusi, akawaua, na mali yao ikachukuliwa. Genghis akatuma wajumbe kudai haki. Sultani akakataa kumtoa liwali wake, na mjumbe akamuua.

Tazameni ajabu hii! Asiyeijua Kurani ndiye aliyedai damu ya Waislamu, na aliyekuwa akiisoma ndiye aliyeizuia.

Hatusemi kuwa hayo yalihalalisha mauaji yaliyofuata, hasha. Ila aya ya kwanza ya Suratul-Maida yatuamrisha kutimiza ahadi, nasi wenye maduka na majahazi twajua ni mara ngapi mali ya mgeni huliwa kwa kuwa hana wa kumtetea.

Sultani mwenyewe alikimbia, akafa mwaka 1220 kisiwani katika Bahari ya Kaspi. Walioachwa kuilipa khiyana ile ni watu wa Bukhara na Samarkand, ambao hakuna aliyewashauri.