Mungu Aliyekubali Kufundishwa

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilijiachia pia vipindi vichache vya dini, na mwanzoni mwa kila mwaka niliandika ubaoni sifa za Mungu: yupo kila mahali, anajua yote, anaweza yote, hana mwanzo wala mwisho. Wanachuo walizinakili madaftarini kwa mwandiko mzuri, nami nilizitungia mtihani. Aliyezitaja zote alipata alama kamili. Leo nina miaka sabini na mitano, na ninajiuliza kama niliwahi kumsaidia hata kijana mmoja kumjua Mungu, au niliwafundisha tu kumjazia fomu, kama ile tuliyomjazia kila mwanachuo aliporipoti: jina, umri, wilaya atokayo.

Aliyenitia katika fikra hizi ni marehemu mke wangu. Katika ugonjwa wake wa mwisho, usiku mmoja, aliniuliza, "Mwalimu, Mungu anajua maumivu?" (Tangu tuoane aliniita Mwalimu, hata mbele ya watoto.) Nikamjibu upesi, kama mtu aliyeulizwa swali la darasa la tatu: "Anajua yote." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Siulizi kama anazo habari zake. Nauliza kama yamewahi kumuuma."

Ndugu msomaji, sikuwa na la kusema. Yaani, jibu nilikuwa nalo. Nimelikiri kanisani tangu utoto. Lakini sikuwa nimewahi kulihitaji.

Kiswahili chetu hutenganisha kujua na kujuana. Naweza kujua habari za mtu kwa kusoma faili lake, na yeye asijue hata kama nipo. Kujuana ni kauli ya kutendana. Haifanyiki kwa upande mmoja. Basi mwanadamu atajuanaje na Yeye asiyechoka, asiyeona njaa, asiyesahau, asiyefiwa? Tutakutania wapi?

Swali hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya nne Ario, kasisi wa Aleksandria, humu humu barani Afrika, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Mkuu kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe. Athanasio wa mji ule ule akashikilia kwamba ikiwa aliyetujia si Mungu mwenyewe, basi bado hatujafikiwa. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 walikataa fundisho la Ario, na mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451 ukasema Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, nafsi moja katika asili mbili. Miaka hiyo miwili niliwakaririsha wanachuo wengi sana. Sikuona kwamba wazee wale walikuwa wakibishana juu ya swali la mgonjwa kitandani.

Jirani yangu Mwislamu, mzee mwenzangu tunayecheza naye bao, hakubaliani nami, na hoja yake si nyepesi. Anasema kumvika Mungu mwili ni kumshusha. Namheshimu kwa sababu anachokilinda ni utukufu wa Mungu, na mimi sitaki upungue. Sote wawili twakiri kwamba Mungu ni mkuu. Tunatofautiana juu ya kile ambacho ukuu huo unamruhusu kufanya. Tukifika hapo mmoja wetu hupanga kete upya.

Zamani nilikuwa na mfano wangu darasani. Nilisema Mungu ni kama mkaguzi aliyechoka kukaa nyuma ya darasa na karatasi yake, akainuka, akashika chaki, akaanza kufundisha. Nilikuwa nimefanya hivyo mimi mwenyewe siku moja, nilipokwenda kumwona mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, nikamkuta amezidiwa na watoto waliojaa hadi sakafuni. Wanachuo waliupenda mfano huo. Lakini unachechemea. Saa tisa alasiri Land Rover ilikuja kunichukua, nikaenda kuoga na kula, na kijana wa watu akabaki na watoto wake. Yule wa Nazareti hakuwa na gari la kumrudisha. Alibaki mpaka wakamwua.

Tena mfano wangu ulimfanya Mungu kuwa mwalimu tu, nami nilipaswa kuona zaidi, kwa kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Luka anaandika kwamba Yesu alikua katika hekima. Nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kusimama. Kukua katika hekima maana yake jana ulijua kidogo kuliko leo. Kuna mtu aliyemfundisha kutamka "mama". Kuna mtu aliyemwonyesha jinsi ya kushika patasi, na bila shaka alikosea, akaambiwa arudie. Alipokaribia miaka thelathini ndipo alipoanza kuhubiri. Kabla ya hapo Injili zinatupa habari za kuzaliwa kwake, na ile safari ya Yerusalemu alipokuwa na miaka kumi na miwili, basi. Sehemu kubwa ya maisha yake kati yetu ilikuwa ya ufundi katika kijiji ambacho Nathanaeli alishangaa kusikia kinaweza kutoa kitu chema. Na Marko haoni aibu kuandika kwamba kuhusu siku ya mwisho alisema hata yeye Mwana haijui. Mimi katika miaka thelathini na minne ya kazi sikuthubutu kusema "sijui" mbele ya darasa.

Tangu nistaafu, hodi mlangoni zimepungua. Nalima migomba yangu, na siku nyingi hapatokei jambo la kuandikwa popote. Nikiwa na jembe mkononi namzungumzia Yule wa ile miaka isiyoandikwa kwa wepesi ambao sikuwa nao nilipokuwa na ofisi na karani. Anaijua kazi isiyo na sifa. Imewahi kumchosha, Yohana anasema aliketi kisimani Samaria saa za mchana, amechoka na safari, akaomba maji kwa mwanamke asiyemfahamu.

Usiku ule sikumweleza mke wangu lolote kuhusu Nikea. Niliwasha taa, nikafungua Yohana sura ya kumi na moja, nikamsomea polepole. Tulipofika pale Yesu anapolia, akaniambia, "Rudia hapo, Mwalimu." Nikarudia. Akaniambia tena. Nilipokaribia mahali Lazaro anapoitwa atoke, nilisikia pumzi zake zimetulia. Usingizi ulikuwa umemchukua, wa kwanza baada ya siku tatu. Nikaweka kidole kwenye ukurasa, nikakaa hivyo hivyo hadi jogoo walipowika.