Nani Amlipe Anayeuguza?

Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023, wenye miguu walikimbilia miinukoni. Asiyeweza kusimama hubebwa mgongoni, kisha mtumbwini, godoro likifuata limelowa chepechepe.

Anayembeba, mara nyingi, ni binti au mkaza mwana.

Kenya haina bima ya matunzo ya muda mrefu. Iliyopo ni Inua Jamii: Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ujerumani ilianzisha bima hiyo 1995. Huko, mgonjwa anayeuguzwa nyumbani hupewa fedha za kumtuza jamaa anayemhudumia.

Je, malipo huondoa thawabu? Waislamu wa Garsen, mji wa bonde la Mto Tana, Waorma kwa Wapokomo, wanajua Sura ya Al-Israa inavyokataza hata kuwagunia wazazi waliozeeka. Wapokomo Wakristo wanaijua Marko 7, Yesu alivyowakemea waliofanya sadaka kisingizio cha kuwanyima wazazi msaada. Wema huo kwa wazazi una gharama, na gharama hiyo sasa inamwangukia binti aliyeacha shamba lake la mpunga ili amgeuze babake asiote vidonda. Kumlipa hakumpunguzii imani hata chembe.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, imewatwika familia na Serikali mzigo wa kuwatunza wazee kwa pamoja. Lakini Sh2,000 za Inua Jamii hazitoshi hata nepi za mtu mzima za mwezi mmoja.