Tusihukumu kwa Kutazama Upande Mmoja

Ndugu zetu Waislamu! Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tuangalie jinsi alivyoanza kuumba. Basi tutazame mawe. Viko vijidudu visivyoonekana kwa macho, hutanda majini kama ute, vikanasa mchanga tabaka juu ya tabaka, hata utando ule ukawa jiwe. Huko Shark Bay, Australia, vyajenga mpaka leo. Na katika majabali ya Pilbara, nchi hiyo hiyo, athari zake zina miaka kiasi cha milioni 3,480.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza athari za miaka milioni 3,700 huko Isua, Greenland. Mwaka 2018 Abigail Allwood na wenzake wakayachunguza mawe yale kwa pande zote, wakasema: haya ni makunyanzi ya jabali lililobanwa, si kazi ya kiumbe hai. Wale wa kwanza nao wakajibu kwa hoja.

Ikiwa jiwe lataka kuchunguzwe pande zote kabla ya kuhukumiwa, je, heshima ya Mwislamu? Nasi twasikia neno moja barazani juu ya ndugu yetu, na kabla ya adhana tumekwisha kulieneza! Tumeamrishwa kuhakikisha khabari, tusije tukajuta. Na tuhakikishe. Wabillahi tawfiq.