Safari ya Kumtafuta Mgema

Mlevi anaondoka nyumbani kwenda kumtafuta mgema wake aliyekufa. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Aliiandika Amos Tutuola wa Nigeria, ikatoka London mwaka 1952 kwa jina The Palm-Wine Drinkard. Baba yake mlevi alimpa shamba la michikichi 560,000 na mgema wa kumgemea: asubuhi mapipa 150, jioni 75. Mgema akaanguka mtini, akafa. Tembo likaisha, na marafiki wakaisha nalo. Jamaa akashika njia kuelekea Mji wa Wafu.

Niliisimulia kwenye foleni ya mgao. Mzee mmoja akauliza: "Sasa mtu mzima anahangaika hivyo kwa ajili ya pombe tu?"

Nimekaa na swali hilo. Sisi tumezoea kuulizwa sababu. Kwenye usaili unaeleza kwa nini ulikimbia, na sababu lazima iwe nzito. Basi mtu anajizoesha uzito hata kwa jirani. Ukisema umekumbuka kiti ulichokalia jioni kwenu, unajiona kama umepotezea watu muda. Mlevi hana aibu hiyo. Anataka tembo lake na watu wa kunywa nao, na kwa hilo anapambana na majini na kifo chenyewe. Mimi naona ana haki. Haja ndogo nayo ni haja ya mtu.

Halafu kuna pale yeye na mkewe wanauza kifo chao, ila hofu wanaikodisha tu. Baadaye hofu inawarudia: kufa hawawezi, lakini kutetemeka wanatetemeka! Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikanyamaza. Huku hakuna anayenipiga risasi, ila mlango ukigongwa usiku, mh.

Mgema anapatikana, lakini anakataa kurudi. Mfu haishi na walio hai. Anampa yai. Njaa inapoingia nchini, yai linalisha kila mtu, mpaka umati unalivunja. Mlevi analigundisha, na sasa linatoa viboko peke yake. (Ndugu zetu wa mashirika, chekeni tu.)

Mzee alicheka hadi akashika nguzo ya foleni. Alipopata pumzi akauliza kama yai lile lilikuwa linadai kadi ya mgao.