Ini Likiugua, Kalamu Huandika?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Je, mgonjwa wa ini?

Ini lililojaa makovu, mara nyingi kwa homa ya ini aina ya B, hushindwa kuondoa amonia itokayo matumboni. Sumu hiyo hufika kwenye ubongo kwa njia ya damu. Mgonjwa hulala mchana, hukesha usiku, husahau rakaa, pengine hutukana. Akitibiwa, kwa mfano kwa dawa ya laktulosi, aghalabu akili humrudia.

Basi naona huyu si mwendawazimu wa daima, wala si mzima wa kila saa. Akili ikiondoka, talaka yake haipiti, na dole gumba lake kwenye hati ya shamba halina thamani. Ikirudi, Swala inamwajibikia, na neno lake lisikilizwe.

Kalamu ikiinuliwa kwake, kwetu bado inaandika. Tutaulizwa tulimfanyia nini alipokuwa hajitambui.